Upande wa Kusomea

Kusini ya mji wa Unguja, kabla ya kufika kiwanja cha ndege, iko njia iteremkayo pwani mpaka Mbweni. Mahali hapa pamezoea masomo tangu zamani. Mwaka 1871 misheni ya Waingereza ilinunua shamba huko, na baadaye ikajengwa skuli ya Mtakatifu Maria kwa ajili ya wasichana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, aliiongoza skuli ile kwa miaka mingi. Jirani yake alikuwa John Kirk, balozi wa Uingereza, tabibu kwa elimu na mpenda mimea kwa moyo, aliyepanda bustani ya miti ya nchi za mbali. Kuta za skuli zimebaki magofu, na mizizi imeingia katika nyufa za chokaa. Elimu ya Mbweni imehamia mbele kidogo, katika majengo ambamo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar husomesha matabibu na wauguzi.

Msichana anayesimuliwa hapa hakusoma katika majengo hayo, ijapokuwa aliyapita kila asubuhi ya utoto wake. Alizaliwa Mbweni, akaenda kusoma mbali, na mwaka wa mwisho wa shahada yake ya pili akarudi nyumbani kwa babu yake ili aandike tasnifu. Kazi yake haikuhitaji maabara. Ilihitaji kompyuta, umeme usiokatika, na subira. Vitu vya kwanza viwili vilipatikana kwa kadiri ya Mungu alivyojalia. Cha tatu alidhani anacho.

Babu alikuwa karani wa karafuu zamani, na daftari lake la hesabu, lililoandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, lilikuwa bado katika sanduku chini ya kitanda. Msichana alipokuwa na umri wa miaka minane au tisa alipewa daftari hilo asome kwa sauti, maana macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Chuoni alikuwa amekwisha kujifunza kwamba hati ile husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Akasoma jina la mwenye mali vizuri, akasoma jina la shamba vizuri, na alipofika kwenye uzito akaendelea upande ule ule, akatamka farasila kumi na saba.

"Umenifilisi, mjukuu wangu," alisema mzee akicheka. "Zilikuwa sabini na moja."

Kisha akamweleza kuwa katika mstari mmoja maneno huanzia kulia na tarakimu huanzia kushoto, na kwamba karatasi yenyewe haisemi. Msomaji sharti awe anajua. Mtoto alicheka pia, akasahau. Watoto wengi husahau mambo kama hayo bila hasara yoyote, naye alikaribia kuwa mmoja wao.

Tasnifu yake ilihusu kimelea cha malaria, na hilo halikuwa jambo la ajabu kwa mtu wa Unguja. Kisiwa hiki kimepigana na ugonjwa huo zaidi ya mara moja. Kutoka mwisho wa miaka ya 1950 mpaka 1968 nyumba zilipuliziwa DDT, homa ikapungua sana. Kazi ilipoachwa, homa ikarudi. Mwaka 2003 zikaanza kutolewa dawa za mseto zenye artemisinini, vyandarua vyenye dawa vikafuata, na katika uchunguzi wa kitaifa wa 2011 na 2012 watoto wa Zanzibar walioonekana na vimelea hawakufika 1 katika kila 100. Palipobaki wagonjwa wachache namna hiyo, swali hugeuka. Haitoshi tena kuuliza nani ana vimelea. Huulizwa vimelea vya nani viko tayari kumwingia mbu na kupelekwa kwa jirani.

Maana si kila kimelea kinaweza safari hiyo. Plasmodium falciparum huzaana ndani ya chembe nyekundu za damu kwa mizunguko ya saa 48 hivi, na katika kila mzunguko vimelea vichache tu huacha kuzaana vikageuka kuwa madume na majike. Hivyo peke yake ndivyo vinavyoweza kuendeleza uhai ndani ya mbu. Kugeuka huko kuna ufunguo wake, jeni iitwayo ap2-g, ambayo kwa kawaida imefungwa na protini inayoitwa HP1. Jeni nyingine, gdv1, hutoa protini inayokwenda kuiondoa HP1 mlangoni. Msichana aliazimu kuipima gdv1: katika vimelea vya maabara hii ina nakala ngapi, na katika vya maabara ile ngapi. Takwimu zilikwisha kukusanywa na watu wengine na kuwekwa katika hazina zilizo wazi kwa kila mtafiti. Yeye alizichukua, akazihesabu, akazipanga katika jedwali moja.

Hapa ni lazima kueleza nakala ni kitu gani, la sivyo kosa lake halitaonekana. DNA ni nyuzi 2 zilizosokotwa pamoja, na nyuzi hizo hazielekei upande mmoja. Mmoja ukipanda, mwenzake hushuka. Herufi za huu huitikia herufi za ule, A kwa T na G kwa C. Jeni imeandikwa katika uzi mmoja. Kimeng'enya kinachonakili hushika mwanzo wa jeni, hutembea juu ya uzi, na nyuma yake hutoka nakala ya RNA. Nakala hiyo ndiyo barua inayopelekwa katika karakana ya seli ili protini ifanywe. Nakala zikiwa nyingi, husemwa kuwa jeni inafanya kazi sana. Zikiwa chache, imelala. Huu ndio msingi wa vipimo vya namna hii, na mara nyingi ni msingi mwema.

Lakini mara nyingine kimeng'enya huanzia upande wa mwisho wa jeni, kikaunakili uzi wa pili mahali pale pale. Nakala inayotoka haiwezi kufanya protini ya jeni ile. Herufi zake ni za kuitikia, na mpangilio wake ni wa kinyume. Hapa itaitwa nakala kinyume, na ile ya kwanza nakala nyoofu. Zamani palikuwa na watu waliozidharau nakala kinyume kama vumbi la karakana. Dharau hiyo ilikuwa ya haraka. Mwaka 2005 uchunguzi mkubwa wa panya ulionyesha kwamba zaidi ya 70 katika kila 100 ya sehemu zinazonakiliwa zina unakili wa upande wa pili pia. Katika kimelea cha malaria zilitajwa tangu 2001, kabla mpangilio wote wa jeni zake 5300 hivi haujachapishwa mwaka 2002. Vumbi likijaa karakana nzima, mwenye akili huuliza linafanya nini.

Na lina kazi zaidi ya moja. Vimeng'enya viwili vikija kwa pande mbili juu ya njia moja huweza kugongana, kama vyombo viwili katika mkondo mwembamba. Nakala nyoofu na nakala kinyume zikikutana hushikana, kwa kuwa herufi zao huitikiana, na kushikana huko huweza kuwa kifo cha zote mbili. Kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, kina chombo kinachokatakata RNA zilizoshikana. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1998. Plasmodium falciparum hakina chombo hicho, na kwa hiyo mtu hawezi kuazima maelezo ya kimelea kimoja akayavisha kingine, ijapokuwa yote mawili ni maradhi ya bara letu. Nakala kinyume za kimelea cha malaria huzuia au huruhusu kwa njia nyingine. Katika jeni za var, ambazo ni 60 hivi na ambazo kimelea hutumia moja tu kwa wakati mmoja ili kuikwepa kinga ya mwili, nakala kinyume huandamana na ile jeni iliyo wazi. Katika gdv1 ni kinyume cha hayo: mwaka 2018 ilithibitishwa kuwa nakala kinyume ya jeni hiyo ndiyo inayoizuia.

Msichana aliyajua haya yote. Alikuwa ameyaandika kwa mkono wake katika sura ya pili ya tasnifu. Kujua jambo katika sura ya pili na kulikumbuka katika jedwali la sura ya nne ni mambo mawili, na wanafunzi wengi waliomaliza tasnifu zao salama wamemaliza kwa bahati tu.

Jedwali lake lilikuwa na makundi mawili ya vimelea. Katika kundi la kwanza gdv1 ilikuwa na nakala chache. Katika kundi la pili zilikuwa nyingi mno. Akahesabu mara ya pili, zikatoka vile vile. Akafurahi, na furaha ile haikuwa ya majivuno. Alikuwa ameketi miezi saba mbele ya tarakimu zisizosema kitu, na hatimaye zimesema. Akaenda chuoni kwake, akasimama mbele ya semina, akaeleza kwamba vimelea vya kundi la pili vilikuwa vimejitayarisha kwa safari ya mbu kuliko vya kundi la kwanza, na kwamba huenda nakala za gdv1 zikawa dalili ya mapema ya kuambukiza, kuliko zile za jeni pfs25 ambazo hutumika kupima majike yaliyokwisha kukomaa. Wenzake walimpigia makofi. Bwana mmoja anayefanya kazi ya kupambana na malaria alimwomba nakala ya jedwali.

Mwalimu wake hakupiga makofi wala hakukunja uso. Aliuliza swali moja tu.

"Mwanangu, makundi haya mawili yalitayarishwa kwa njia moja?"

Alijibu ndiyo. Alijibu hivyo kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia hapana.

Njiani kurudi Unguja, katika boti, swali lile lilimkera kama mwiba mdogo usioonekana. RNA haisomwi yenyewe katika mashine nyingi. Kwanza hugeuzwa kuwa DNA kwa kimeng'enya ambacho Howard Temin na David Baltimore walikitangaza mwaka 1970. Uzi wa kwanza wa DNA hutoka kwa kuitikia RNA, kisha uzi wa pili hutengenezwa kwa kuitikia wa kwanza. Katika matayarisho ya kawaida ya zamani nyuzi zote mbili huingia mashineni sawasawa, vipande vyake vikasomwa kwa mamilioni, na habari ya upande ilipotoka RNA imekwisha kupotea. Nakala nyoofu 10 na nakala kinyume 90 huonekana kuwa nakala 100. Si uongo wa mashine. Mashine imehesabu sawasawa kile ilichopewa.

Dawa ya upotevu huo ilipatikana, na iliyoenea zaidi ilichapishwa mwaka 2009. Wakati wa kutengeneza uzi wa pili, herufi T huondolewa na mahali pake huwekwa U, herufi ambayo kwa desturi si ya DNA. Baadaye huletwa kimeng'enya kinachoharibu kila uzi wenye U. Hubaki uzi wa kwanza peke yake, na upande wake unajulikana. Mwaka 2015 Shanrong Zhao na wenzake waliitayarisha RNA ya damu ile ile kwa njia zote mbili, ya kupoteza upande na ya kuuhifadhi, na jeni 1751 zikaonekana kuwa na kiasi tofauti. Watu hawakubadilika, wala damu yao. Kilichobadilika ni matayarisho.

Usiku ule alipofika Mbweni aliwasha kompyuta kabla ya kula. Programu ya kuhesabu ina mahali ambapo mtumiaji huandika kama upande uangaliwe au usiangaliwe, na kama ukiangaliwa usomwe nyoofu au kinyume. Kwa kundi la kwanza alikuwa amenakili amri ya mwenzake bila kuichunguza, nayo kwa bahati ilikuwa sahihi. Akataka sasa kujihakikishia. Akaandika "nyoofu", neno ambalo kila mtu mwenye akili timamu angeliandika, akangoja.

Jedwali lililotoka lilimtia hofu. Karibu jeni zote za kundi la kwanza zilikuwa zimekufa. Zile zinazojulikana kufanya kazi katika kila chembe hai, ambazo hesabu yake ilikuwa maelfu, zilibaki na makumi. Alidhani ameharibu faili. Saa nzima ilipita kabla hajakumbuka kwamba uzi unaobaki baada ya ule wenye U kuharibiwa ni uzi unaoitikia RNA, si ulio sawa nayo. Kwa hiyo anayetaka nakala nyoofu katika matayarisho hayo sharti aiambie programu isome kinyume. Yaliyokuwa mbele yake hayakuwa magofu ya faili. Yalikuwa ni hesabu ya nakala kinyume peke yake. Alikuwa amesoma sabini na moja kwa upande wa kumi na saba, na safari hii babu hakuwapo mezani.

Angeweza kulifuta jedwali lile. Alikuwa na haki ya kuchoka. Badala yake akateremka mstari kwa mstari, jeni baada ya jeni, zote zikiwa kimya, mpaka akafika kwenye gdv1. Na gdv1 haikuwa kimya. Nakala zake kinyume zilikuwa nyingi kuliko nyoofu. Akachukua hesabu ya nyoofu na hesabu ya kinyume za kundi la kwanza, akazijumlisha kwa kalamu juu ya bahasha. Jumla ilikaribia sana hesabu ya kundi la pili.

Hapo alielewa, ingawa alifanya jaribio moja zaidi ili asiwe ameelewa kwa hofu tu. Alitafuta jeni zisizo na majirani na zisizojulikana kuwa na nakala kinyume, akatazama vipande vyake vilivyosomwa. Katika kundi la kwanza karibu vyote vilielekea upande mmoja. Katika kundi la pili vilikuwa nusu kwa nusu, jeni baada ya jeni. Nusu kwa nusu ya namna hiyo haitoki katika kimelea. Hutoka katika matayarisho yaliyopoteza upande.

Basi ile tofauti kubwa aliyoitangaza haikuwapo. Na jambo lililo baya zaidi ni kuwa sehemu kubwa ya nakala alizozihesabu kama dalili ya safari zilikuwa ndizo zinazoizuia safari. Alihesabu nanga pamoja na matanga, akasema chombo kinakwenda mbio. Laiti ingalikuwa jeni nyingine, isiyo na nakala kinyume, kosa lingalikuwa dogo na pengine lisingalijulikana. Lakini mtu hachagui jeni litakalomfedhehesha.

Siku mbili hakuandika kitu. Alimsaidia mama yake kukuna nazi, akaenda pwani maji yalipotoka, akapita karibu na magofu bila kuyatazama. Semina ilikwisha kusikia. Makofi yalikwisha kupigwa. Yule bwana wa malaria alikuwa na jedwali mkononi, na ingawa hakuna mtu ambaye angempa mgonjwa dawa kwa ajili ya jedwali la mwanafunzi, karatasi ina tabia ya kusafiri mbali kuliko mwandishi wake.

Siku ya tatu aliandika barua tatu. Ya kwanza kwa mwalimu, fupi: makundi hayakutayarishwa kwa njia moja, na jibu lake la semina halikuwa la kweli. Ya pili kwa yule bwana, akimwomba asilitumie jedwali, na akieleza sababu mpaka mwisho bila kujitetea. Ya tatu kwa wenye takwimu za kundi la pili, watu asiowajua, akiwauliza kama walihifadhi upande au hawakuhifadhi, na kama wanayo RNA iliyobaki.

Tasnifu ikawa fupi. Kundi la pili lilitoka lote, maana upande uliokwisha kupotea katika matayarisho hakuna hesabu inayoweza kuurudisha kwa yakini mahali ambapo nakala mbili zimelaliana. Katika kundi la kwanza alibaki na jambo dogo lakini lake: kwamba katika sampuli kadhaa nakala kinyume za gdv1 hazikulingana, na palipokuwa na nyingi za kinyume, nyoofu zilikuwa chache. Hata hilo aliliandika kwa tahadhari. Kile kimeng'enya cha kugeuza RNA kina ila yake. Mara nyingine hujirudi na kukinakili kile kilichokwisha kukitoa, kikazalisha nakala kinyume ambazo hazikuwamo katika seli kamwe. Mwaka 2007 uchunguzi wa hamira ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya nakala kinyume zilizoonekana zilikuwa za uongo wa aina hiyo, na kwamba dawa iitwayo aktinomaisini D huuzuia. Tena njia ya herufi U haiharibu kila uzi; hubaki mabaki kidogo, na katika jeni yenye nakala nyoofu laki moja, mabaki hayo kidogo hujifanya kundi. Gdv1 haina nakala nyingi namna hiyo, kwa hiyo mashaka ya pili yaliiangukia kwa uzito mdogo. Ya kwanza aliyaacha wazi, akayaandika kuwa wazi.

Yule bwana wa malaria alijibu siku ile ile, kwa adabu, kwamba ameliondoa jedwali. Mwalimu alijibu kwa kumtaka aisimamie semina nyingine mwezi ujao, juu ya kosa lenyewe. Msichana aliisoma barua hiyo mara nyingi, akitafuta ndani yake kama ni adhabu au heshima. Hakupata hakika. Alikwenda, akasimama, akaonyesha majedwali yote matatu, pamoja na lile tupu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, lakini wanafunzi wawili walifungua kompyuta zao kabla hajamaliza kusema, wakaonekana wakitafuta kitu kwa haraka.

Jibu la wenye takwimu lilichelewa mpaka baada ya Idi. Lilikuwa mistari minne. Upande haukuhifadhiwa, waliandika. Kazi ile ilifanywa kwa shabaha nyingine. RNA ya sampuli mbili ingali katika barafu, nao wako radhi kuitayarisha upya, pamoja na aktinomaisini, wakipata nafasi.

Alimsomea babu barua ile barazani, akiifasiri polepole. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama watu hao ni wazima.

"Wazima, babu."

"Na hiyo nafasi wataipata lini?"

Alisema kwamba hawakutaja. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaomba aletewe kopo la maji ya kutawadhia, kwa kuwa magharibi ilikuwa imekaribia.